Bukavu: Bei ya shanga inapanda, lakini ni uzi wenye unafukuza mteja

Mkufu ukikatikia ndani ya taksi ya kwenda Panzi, shanga zinamwagika chini ya viti na hakuna mwenye atasimamisha gari juu yake. Mwenye kuuvaa anashuka na kipande cha uzi mkononi. Kesho akipita mbele ya meza ya mama mwenye alimuuzishia, ataangalia upande mwingine. Shanga hazikuwa mbaya. Uzi ndio ulikuwa mbaya.

Zamani hasara kama ile ilikuwa ndogo. Wamama wenye wanatengeneza mapambo Kadutu, Bagira ao Ibanda walikuwa na wateja wa aina mbili: watu wa mji, na wageni wa mashirika wenye walinunua zawadi ya kupeleka kwao. Mgeni alinunua mara moja akaenda. Mkufu ukikatika Ulaya, habari haikurudi hapa. Lakini Januari 2025 Marekani ilisimamisha msaada wake wa nje, na miradi mingi ikafungwa. Februari 2025 M23 iliingia Bukavu, uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa kwa ndege za abiria, na banki zikafunga milango. Wageni wengi waliondoka. Mteja mwenye alibaki ni jirani: anapita kila siku, anakumbuka, tena anahesabu kila franga mbele ya kuitoa.

Kwa hiyo ulizo la kuchagua shanga, uzi na waya si tena la urembo tu. Ni ulizo la kujua kama meza itaendelea kulisha nyumba.

Shanga zinafika kwa njia gani?

Hapa kwetu hatutengenezi shanga za kioo. Zile nzuri zenye Wamasai wa Kenya wanapenda zinatoka Jamhuri ya Cheki. Nyingi za bei ndogo zinatoka China. Zinapita bandari za Mombasa na Dar es Salaam, kisha Kampala, Kigali ao Bujumbura, mbele ya kufika kwetu. Barabara ya Kamanyola kwenda Uvira ilikatwa na mstari wa vita, na Desemba 2025 vita vikafika Uvira kwenyewe. Njia moja ikifunga, mzigo unazunguka, na kila kizuizi kinaongeza kitu juu ya bei. Tena makuta yakipita kwa simu, kuna ya kukatwa wakati wa kutuma na wakati wa kutoa.

Mkufu wa sentimita 45, wa shanga zile ndogo za milimita mbili hivi, unaomba shanga zaidi ya 300. Ukinunua kwa uzito bila kuangalia, na shanga moja juu ya kumi ina tundu lililoziba ao imevunjika ukingo, utatupa karibu 30 kwa kila mkufu. Mfuko wa bei ndogo unaweza kuwa ndio wenye bei kubwa.

Mbele ya kulipa, fanya haya. Weka shanga kwenye shavu: kioo ni baridi, plastiki haina baridi ile. Chukua chache, uzisugue na kitambaa cheupe chenye maji, kisha na dawa ya kuondoa rangi ya kucha. Rangi ikibaki kwa kitambaa, jasho nalo litaiondoa, na nguo ya mteja itachafuka. Pitisha uzi ndani ya tundu mara nyingi kwa nguvu. Uzi ukitoa manyoya, tundu lina makali. Litakata kazi yako pole pole kama kisu.

Uzi: pahali pa kosa kubwa

Wengi wanatumia nailoni ya kuvulia, ile yenye kamba moja, juu inapatikana karibu na ziwa na haionekani kati ya shanga. Lakini ina shida mbili. Inavutika, na nyuma ya miezi mkufu unaonyesha nafasi tupu. Tena jua linaikausha na inavunjika. Fundo lake nalo linateleza.

Dawa iko hapa hapa mjini. Uzi wa kusokotwa wa kushonea nyavu, ao uzi mgumu wa mafundi wa viatu, unashika fundo vizuri. Upake nta ya nyuki ao ya mshumaa, upitishe mara mbili, na ufunge fundo kati ya shanga kubwa. Siku ukikatika, shanga moja inaanguka, zingine zinabaki. Elastiki ni ya bangili tu, tena iwe nyuzi mbili. Isiwe ya mkufu mzito. Ile kamba ya chuma chenye ngozi ya nailoni ni nzuri kwa shanga nzito, lakini inaomba vifungo vyake vya kubana, na vile navyo vinatoka mbali.

Angalia hesabu: kwa mkufu mmoja, uzi ndio kitu cha bei ndogo kuliko vyote. Kupunguza pale ni kuokoa makuta kidogo na kupoteza mteja mzima.

Waya: shaba yetu inarudi kwetu kama mgeni

Kongo ni kati ya nchi mbili tatu za kwanza duniani kwa kuchimba shaba, lakini waya mzuri wa mapambo unaingia kutoka inje. Kwa hiyo wengi wanafungua mota zilizokufa na kutoa waya ndani. Si wazo baya: shaba ni laini, inakunjwa bila kuvunjika. Lakini ule waya una verni juu, na kuichoma kunatoa moshi mbaya. Ni heri kuikwangua kwa kisu ao karatasi ya msasa. Na ukiletewa kebo ya umeme usiku, kwa bei ya kushangaza, uliza inatoka wapi. Pengine ni ile yenye iliweka avenue yenu gizani.

Kwa ndoana za masikio, waya wa milimita 0.8 unatosha, kwa bangili, milimita moja na zaidi. Beba sumaku: waya ukishikwa, ni chuma kilichopakwa rangi tu, na kitapata kutu. Chunga pia nikeli. Inawasha masikio ya watu wengi, na Umoja wa Ulaya umeweka mpaka juu yake kwa mapambo. Mwenye kuota siku moja kuuzisha kule anapashwa kulijua neno hili.

Vyenye viko hapa

Mashariki yetu haikungoja shanga za wageni. Katika karne ya 19, Watembo wa magharibi ya Ziwa Kivu walisuka bangili za nyuzi za mmea wa porini, zenye ziliitwa butega. Zilipita kwa Wahavu na kisiwa cha Ijwi mpaka Rwanda. Watu walizivaa miguuni, na walizitumia pia kama makuta. Hazikuwa na kioo wala dhahabu. Mikono ya wasukaji ndiyo ilizipa bei.

Leo pia kuna mbegu, kuna pembe za ng'ombe, kuna karatasi. Kampala wamama wengi walijenga kazi yao kwa shanga za karatasi iliyozungushwa na kupakwa verni. Ila mbegu zile nyekundu zenye jicho jeusi, ziache: ndani yake kuna sumu kali, na mtoto akitafuna moja iliyotobolewa anaweza kufa.

Kwa wakati huu wa njia zenye kufungwa na kufunguka, ni busara kutoa dola zenye ziko kwa kitu chenye hakipatikani hapa, ni kusema shanga chache nzuri za kioo, na kutafuta vingine karibu. Na kikundi cha wamama watano sita wakiagiza pamoja, gharama ya njia inagawanyika.

Hakuna mwenye kutengeneza mapambo mwenye anaweza kufungua barabara ao banki. Lakini fundo liko mikononi mwake. Kabla ya kuuzisha, vuta mkufu kwa nguvu, vile mtoto mwenye kubebwa anauvuta shingoni mwa mama yake. Ukikatika, ni heri ukatikie kwako.