Uliza Kwanza: Nani Anasema?



Kila mchimbaji anajua sheria hii: kisha kulipua baruti, hakuna kurudi mbele mpaka mwenye kazi ya baruti amekagua na kutoa ruhusa. Sauti ya gizani ikisema "Ingieni, hakuna hatari," hamwingii. Mnauliza kwanza: nani anasema?

Mbona basi sheria hiyo mnaiacha mlangoni mwa mgodi? Juzi, siku ya chanjo ya watoto, mama mmoja alimrudisha mtoto wake nyumbani bila sindano. Mume wake, mfanyakazi mwenzetu, alipata habari kwa simu: eti chanjo zinaletwa kutujaribia sisi Waafrika. Nikamwuliza baba: nani aliandika? Hakujua. Rafiki alimtumia, na rafiki naye alitumiwa na mwingine.

Hofu hiyo ina chanzo. Mwezi wa Aprili 2020, mganga mmoja Mfaransa alisema kwenye televisheni maneno mabaya juu ya kujaribia katika Afrika chanjo ya kuzuia korona. Watu walikasirika, na ilikuwa haki yao. Yeye mwenyewe aliomba radhi. Lakini chanjo ya surua si jambo la kujaribia: inatumika duniani tangu miaka ya 1960.

Na surua haingoji tumalize mabishano. Katika mwaka wa 2019 na 2020 ilienea nchi yetu nzima, ikaua watoto zaidi ya 7.000 wenye umri chini ya miaka mitano. Mgonjwa akikohoa, ugonjwa unaweza kubaki hewani hadi saa mbili. Kati ya watu 10 wasio na kinga wanaokaa karibu naye, 9 wanaweza kuambukizwa. Surua hushika mapafu, huleta kuhara, hata upofu.

Siwafichi: sindano inaweza kuleta homa ya siku chache. Homa hiyo hupita.

Kwa hiyo nawaomba. Baba, ukipokea habari isiyo na mwenyewe, usiitume mbele; njoo uniulize, sitakucheka. Mama, mtoto akitimiza miezi 9, mlete. Ukipewa tarehe nyingine, mrudishe. Nyote wawili, tunzeni karatasi ya chanjo kama mnavyotunza karatasi ya kazi.

Mtoto yule bado hajapata sindano. Siku ya chanjo ijayo namngojea, yeye pamoja na baba yake.