Wazee Si Ndizi za Kuvundika

Leo nataka kusema juu ya wema unaolemaza.

Mama mkubwa wangu aliishi shamba, Muheza. Alichota maji, alipalilia mihogo, alipanda kilima na kapu kichwani. Alipotimiza miaka 72, sisi wanawe tulioko mjini Tanga tukaona aibu: watu watasemaje? Tukamleta, tukamnunulia kochi, tukamwekea binti wa kazi. Akishika ufagio, ananyang'anywa. Akiinuka kufuata maji, anaambiwa, "Kaa, Mama, utaletewa." Haikupita miaka miwili, nikamwona akitaka kwenda kutia udhu. Aliweka viganja juu ya magoti, akavuta pumzi, akasema "Bismillahi," akainuka nusu, akarudi chini. Mara ya tatu nikamshika mkono. Akanitazama, akasema, "Kwani mimi ndizi, mnivundike?"

Neno lile limenikaa. Ndizi ikivundikwa huiva. Mtu akivundikwa hulegea.

Tumezoea kuamini kwamba unyonge wa mzee ni umri tu, jambo lisilo na dawa. Ni kweli miaka hupunguza misuli, wala hilo halina ubishi. Lakini mengi tunayoyabebesha uzee ni matunda ya kukaa. Mwaka 1990, watafiti wa Boston, Marekani, wakiongozwa na daktari Maria Fiatarone, walichapisha habari za wakazi 10 wa nyumba ya kutunzia wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96. Walikuwa watu dhaifu, wengine wakitembelea bakora. Walipewa uzito wa kuinua kwa miguu, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 8. Haukuwa uzito wa kubembelezana: ulifikishwa asilimia 80 ya ule mkubwa kabisa ambao kila mmoja aliweza kuuinua mara moja. Mmoja aliishia njiani. Kwa wale 9 waliomaliza, nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaweka bakora chini. Kisha mazoezi yakasimamishwa kwa wiki 4 tu, na karibu theluthi moja ya nguvu ikapotea. Naam, mwezi mmoja wa kochi!

Hapo hapo pana fumbo. Nguvu zilipanda asilimia 174, lakini unene wa misuli ya paja uliongezeka kama asilimia 9 tu. Nguvu nyingine zilitoka wapi? Watazame wavuvi wakipandisha mashua pwani. Kila mmoja akivuta kwa wakati wake, mashua haitikisiki. Mmoja akianzisha wimbo, wakavuta kwa pamoja, inapanda, na watu ni wale wale. Msuli nao ni nyuzi nyingi zinazongoja wito wa ubongo. Wiki za mwanzo, mazoezi huufunza ubongo kuziita nyuzi nyingi zaidi kwa mara moja. Unene huja baadaye, na huja taratibu.

Kwa hiyo vijana wetu wanaonyanyua vyuma wapate miraba minne, nawasifu, ila wasikidhani kioo kuwa mizani. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2006, kwa watu zaidi ya 2,000 wenye umri wa miaka 70 hadi 79, ulionyesha kwamba walio dhaifu wa mapaja na wa mkono walikuwa katika hatari zaidi ya kufa, na wingi wa misuli peke yake haukuwa sababu. Mwaka 2015 yakaja matokeo ya watu karibu 140,000 katika nchi 17, zikiwemo Zimbabwe na Afrika Kusini. Walipimwa nguvu za kushika kwa kiganja. Kila nguvu hizo zilipopungua kwa kilo 5, hatari ya kufa katika miaka iliyofuata iliongezeka kwa asilimia 16. Kipimo hicho kilibashiri vifo vizuri kuliko hata presha ya damu. Wala asije mtu akaanza kufinya mpira akitafuta umri mrefu: mkono ni shahidi tu wa mwili mzima.

Nawasikia mkisema, "Mzee ataumia." Ataumia akitwishwa gunia leo. Akianza na kidogo, akapumua bila kubana pumzi, na mwenye maradhi ya moyo, presha au mifupa akamwona daktari kwanza, hatari yake ni ndogo kuliko ya kuanguka msalani kwa miguu isiyombeba. Mwingine atasema, "Sisi tunamlisha vizuri." Vema, dagaa na kunde ni haki yake. Lakini watafiti wale wale wa Boston, mwaka 1994, waliwapa baadhi ya wazee kinywaji cha lishe bila mazoezi, na nguvu hazikuongezeka. Wala siwasemei bibi zetu ambao hadi leo wanabeba kuni maili nzima. Hao wanahitaji kupokewa mzigo. Nawasemea wale tuliowakalisha.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka kila mtu mzima afanye mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki, na wazee waongeze ya kujiimarisha wasianguke. Hayahitaji mashine. Aketi kwenye kiti kigumu, ainuke bila kujisukuma kwa mikono, mara 8 au 10, apumzike, arudie. Ikiwa rahisi, akumbatie chupa ya maji ya lita 2. Asukume ukuta. Ashike meza, asimame kwa vidole vya miguu. Jambo la lazima ni moja: mzigo uongezwe kadiri nguvu zinavyoongezeka, kwani uzito usiomtoa mtu jasho haumjengi.

Mama mkubwa tumemrudishia ndoo, ndogo, ya lita 3, na ufagio wake. Bado hushika ukuta akipanda ngazi. Lakini kila alfajiri ufagio wake hukwaruza ua na kutuamsha nyumba nzima, na hakuna anayethubutu kumwambia akae.