Dawa ya Sonona Ikikataa, Usimpime Mtu Imani Yake



Ndugu yangu, kuna maneno yanasemwa sana majumbani kwetu, na hata misikitini: fulani amekunywa dawa za sonona mwezi mzima hajapona, basi ana jini, au swala zake zina kasoro. Maneno haya yanaumiza watu, na hayana msingi.

Irejee hadithi ya Jabir (r.a.) aliyoipokea Imam Muslim. Mtume (s.a.w.) hakuishia kutufundisha kwamba kila ugonjwa una dawa. Akaeleza kuwa mtu hupona, kwa idhini ya Allah, pale dawa inapousibu ugonjwa wenyewe. Hapo kwenye kusibu ndipo tunapoparuka.

Tazama madaktari walichokiona. Mwaka 2013 kule Marekani, Helen Mayberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory walichapisha utafiti. Waliwapiga wagonjwa wa sonona picha za ubongo kwa kipimo cha PET, kinachoonesha ni wapi ubongo unatumia sukari nyingi na wapi kidogo. Kisha wengine wakapewa dawa ya esitalopramu, wengine tiba ya mazungumzo. Wale ambao sehemu iitwayo insula, upande wa kulia, ilitumia sukari kidogo, walielekea kupona kwa mazungumzo, na dawa haikuwafaa. Ambao ilitumia nyingi, ikawa kinyume chake. Ugonjwa una jina moja, lakini bongo zimetofautiana. Na hakuna aliyeulizwa habari ya swala zake!

Usikimbilie kukitafuta kipimo hicho. Bado ni cha watafiti, na waliopimwa walikuwa wachache. Daktari wako kwa sasa anachagua kwa kujaribu: anakupa dawa, anangoja wiki kadhaa, anaongeza dozi au anabadilisha. Katika utafiti mwingine mkubwa wa Marekani, ulioitwa STAR*D, ni kama theluthi moja tu ya wagonjwa waliopata nafuu kamili kwa dawa ya kwanza. Wewe uliye kwenye theluthi mbili zilizobaki, rudi kwa daktari umwambie haijakufaa.

Kusomewa Qur'ani ni kheri, endelea. Lakini anayekusomea akikuamuru utupe vidonge, usimtii. Kuviacha ghafla huleta kizunguzungu na kukosa usingizi, na sonona yenyewe huweza kurudi. Na kama yanakujia mawazo ya kujiua, usingoje siku ya kliniki. Mwambie mtu wako wa karibu leo hii, akupeleke hospitali.

Wabillahi tawfiq.