Mwanga Peke Yake Hauoteshi Spora

Katika shule zetu nyingi za sekondari jaribio la uotaji hufanywa hivi: chombo kimoja huwekwa dirishani, cha pili hufungiwa kabatini, na baada ya siku kadhaa mwanafunzi huandika kwamba mwanga ndio ulioleta tofauti. Kwa maoni yangu jaribio hilo, hasa likifanywa kwa spora za kangaga, halithibitishi neno hilo.

Tuchukue Endamarariek, wilayani Karatu. Asubuhi za Juni na Julai huko ni baridi, na adhuhuri bati la darasa huwaka. Chombo cha dirishani hupata mwanga pamoja na joto la jua. Cha kabatini hukosa vyote viwili. Nani atajua ni kipi kilichotenda kazi?

Huu si ubishi mtupu. Spora za makangaga mengi haziamki gizani hata zikiloweshwa. Ndani yake mna kipokea-mwanga kiitwacho fitokromu, chenye sura mbili. Mwanga mwekundu huigeuza iwe na sura itendayo kazi. Mwanga mwekundu wa mbali, ambao jicho halioni vema, huirudisha ilikotoka. Mgeuko huo hautegemei sana joto. Lakini gizani sura itendayo kazi hurejea yenyewe polepole, na joto huharakisha marejeo hayo. Tena kazi za kikemia zinazofuata, mpaka spora ipasuke, zina kiwango chao cha joto. Ndiyo maana mwanga ule ule waweza kuotesha spora katika joto fulani na usifue dafu katika joto jingine. Mwaka 2016 watafiti walionyesha, katika mmea mdogo uitwao Arabidopsis, kwamba fitokromu yenyewe hupima joto.

Spora hupatikana chini ya majani ya makangaga ya makorongoni (msitu wa hifadhi ya Ngorongoro uachwe, una sheria zake). Mwalimu atumie vyombo vinne mbele ya dirisha moja lisilopigwa na jua: viwili wazi kwa mwanga, viwili vimefungwa kwa karatasi nyeusi. Kimoja cha kila aina kikae katika beseni la maji baridi, kingine katika maji ya vuguvugu, na kipimajoto kisomwe mara tatu kwa siku. Majibu yaweza kuchukua wiki mbili au zaidi.

Watunzi wa mitihani nao wana sehemu yao. Mwanafunzi atakayeandika kwamba jaribio la vyombo viwili halikuonyesha kitu, akaeleza na sababu, astahili alama zote.