Herufi Tatu Ndani ya Daftari

Tuseme ni kijana wa Gulwe, kijiji cha wilaya ya Mpwapwa kwenye reli ya kati, umri wake miaka 22. Mwezi mzima hakupata usingizi wa maana. Usiku alizunguka kandokando ya reli akizungumza peke yake, mchana akiwaahidi majirani mabasi na majumba. Mbuzi wawili wa baba yake aliwauza kwa bei ya kuku, fedha akazigawa stendi kwa watu asiowajua. Sasa amerudi kutoka Dodoma, ulimi mzito kwa dawa, mkononi ameshika daftari dogo la shule ambalo ndilo faili lake. Daktari ameandika humo kwa Kiingereza, kwa mwandiko wa haraka, na katikati ya mstari zimesimama herufi tatu kubwa: BAD. Dada yake aliyefika kidato cha pili anazisoma, anarudia, kisha anawaeleza wazee alichoelewa. Daktari ameandika kwamba kijana wao ni mbaya.

Kijana huyo ni wa mfano, lakini herufi ni za kweli. Ndivyo madaktari wanavyofupisha jina la Kiingereza la bipola, ugonjwa wa hisia unaompandisha mtu juu kwa majuma au miezi, akajiona hashindwi na kitu, kisha ukamshusha chini hata kuoga kukamshinda. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 duniani walikuwa nao. Hakuna ubaya wa tabia uliotajwa hapo. Lakini nani alimweleza baba yake? Foleni ilikuwa ndefu, daktari alikuwa mmoja, basi lilikuwa linaondoka.

Makala hii ina ombi moja kwa jamaa wa wagonjwa na kwa wahudumu wa afya pia: mtu asiinuke kitini kabla hajaelezwa jina la ugonjwa wake kwa lugha anayoelewa, na kabla yeye mwenyewe hajalieleza tena kwa maneno yake, daktari akisikiliza.

Kuuliza si utovu wa adabu. Wazee wengi huona haya kumhoji daktari, hujibu "ndiyo, daktari" kwa kila neno, kisha njiani huulizana amesema nini. Na katika magonjwa haya kunyamaza kuna hasara kubwa kuliko katika mengine, kwa kuwa jina lenyewe hutokana na mazungumzo. Hakuna picha ya eksirei inayoonyesha bipola, wala skizofrenia, ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, wala sonona. Damu hupimwa, na ipimwe, ili kuondoa mengine: malaria iliyopanda kichwani, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, virusi vya UKIMWI. Pombe iliyoachwa ghafla nayo humfanya mtu aone na asikie yasiyokuwepo, na hiyo hujulikana kwa kuulizwa. Yote hayo yakishaondolewa, daktari hubaki na masimulizi na kile anachokiona mbele yake. Analala saa ngapi? Ilianza lini? Kuna wa ukoo aliyewahi kuwa hivi? Vigezo vinavyotumika duniani huhesabu hata siku: sonona ni majuma mawili au zaidi ya huzuni au kukosa hamu, karibu kila siku, kupanda kwa bipola ni kiasi cha juma zima.

Kwa hiyo aende Dodoma yule anayelala nyumba moja na mgonjwa, anayejua lini aliacha kula na lini alianza kucheka usiku. Kumtuma binamu aliyekuja likizo juzi ni kupeleka kesi bila shahidi. Na jamaa wasishtuke jina likibadilika baada ya mwaka. Aliyeandikiwa skizofrenia anaweza kuandikiwa bipola baadaye, ugonjwa ukishaonyesha mwendo wake. Ni picha imekamilika zaidi, wala si ushahidi kwamba daktari wa kwanza alidanganya.

Majina yalikuwepo kabla ya hospitali: kichaa, wazimu, mashetani, amerogwa, laana ya ukoo. Wanaoyatumia si wajinga. Kila binadamu aliyeona mwanawe akibadilika mbele yake hutafuta sababu. Ubaya wa majina hayo ni kwamba mengi yanamtafuta mkosaji, na mkosaji akishapatikana, jirani au mjane wa mtaa wa pili, mgonjwa yuko palepale na ukoo umepasuka. Familia inayokwenda kwa mganga haitaacha kwa kutukanwa. Angalau imwambie daktari mizizi gani inanywewa, isikubali mwanawe afungwe kamba mtini, na isiache vidonge.

Jina jipya nalo huweza kufungua mambo ya zamani. Tarehe 24 Juni 2002, katika reli hiihii ya kati, upande wa Igandu na Msagali, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima, ikarudi nyuma bila breki na kugonga treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Aliyeponea ajali ya namna ile akawa anashtuka usiku miaka nenda rudi, akikwepa stesheni na kuruka kila chuma kinapogongwa, huenda aliitwa mwoga. Ugonjwa huo wa kiwewe una jina katika vitabu vya madaktari, tena uliingizwa huko mwaka 1980 tu, baada ya askari wa Marekani kurudi kutoka Vietnam wakiwa hivyo. Wenye maumivu walikuwepo tangu zamani, ila hawakuwa na la kumwambia daktari.

Kuna jina jingine linalotisha huku kuliko yote, nalo ni la hospitali. Mirembe ilijengwa Dodoma katika miaka ya 1920, enzi za Waingereza. Kabla yake Wajerumani walikuwa na Lutindi, katika milima ya Usambara, palipogeuzwa kituo cha wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20. Leo Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, lakini vijiweni jina lake limekuwa tusi: "Huyo wa Mirembe huyo." Kila anayelirusha tusi hilo ajue kwamba yupo mama mmoja jirani, mwenye binti asiyeinuka kitandani, aliyelisikia na kuahirisha safari mwezi mwingine. Kutoka Gulwe hadi Dodoma si mbali, na reli mpya ya umeme imepita hapohapo kijijini. Aibu ndiyo inayoirefusha njia.

Sasa dawa. Hapa ndipo wengi huanguka, na mara nyingi kwa kukosa maneno machache tu. Mwaka 1949 daktari wa Australia, John Cade, alitangaza kwamba chumvi ya lithiamu iliwatuliza wagonjwa waliopandishwa. Bado ni dawa nzuri ya bipola, ila mtumiaji lazima apimwe kiwango chake katika damu, kwa kuwa ikizidi ni sumu. Penye maabara haba madaktari huandika nyingine, mojawapo kabamazepini. Mgonjwa akifika nayo nyumbani jirani husema, "Mbona hii ni dawa ya kifafa? Wamekosea." Na vidonge huishia shimoni. Hawakukosea: dawa hiyohiyo hutumika kwa kifafa na kwa bipola. Sodiamu valproeti nayo ni hivyo, ila hiyo yaweza kumdhuru mtoto tumboni, na mwanamke wa umri wa kuzaa aulize mapema kabla ya kuimeza.

Haloperidoli, dawa nyingine wanayoandikiwa wagonjwa hawa, huweza kukaza shingo na taya, kutetemesha mikono, kutoa mate. Mama anayeona shingo ya mwanawe imepinda hudhani mashetani yamerudi kwa nguvu, kumbe ni dawa, na ipo dawa ya kuondoa mkazo huo. Amrudishe kituoni siku hiyohiyo. Vidonge vya sonona huchukua majuma mawili hadi manne, pengine zaidi, kabla ya nafuu kuonekana. Anayeviacha siku ya kumi ameacha kabla havijaanza kazi. Na nafuu ikija, huendelewa navyo kwa miezi kadhaa, hata kama mgonjwa anaimba shambani. Kuhusu gharama, anayemsindikiza mgonjwa aulize dirishani juu ya msamaha wa kuchangia matibabu, asione haya.

Lipo swali ambalo jamaa hulikwepa, la kujiua. Sheria ya jinai ya Tanzania kwa miaka mingi imehesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na Kenya ilikuwa hivyo hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Hofu ya kushtakiwa huwafunga watu midomo. Lakini daktari aambiwe kila neno la kutaka kufa lililosikika nyumbani, na sumu ya wadudu wa shambani ifungiwe mbali. Kumuuliza mgonjwa waziwazi kama anawaza kufa hakumpandikizii wazo. Wengi hupumua, wakiona angalau yupo aliyethubutu.

Baada ya daktari kuna nyumba. Katika miaka ya 1950 huko London, mtafiti George Brown aliwafuatilia watu wenye skizofrenia waliotoka hospitali, akakuta jambo lililomshangaza: waliorudi kwa wazazi au wake zao waliugua tena zaidi kuliko waliokwenda kwa ndugu au vyumba vya kupanga. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kinachodhuru ni lawama za kila saa, chuki, na kumlinda mtu mzima kama mtoto mchanga. Mwishoni mwa karne hiyo Mmarekani Juli McGruder alikaa na familia za wagonjwa Zanzibar, akaona nyumba ambamo mgonjwa aliruhusiwa kuwa kimya bila kusemwa, akafanya kazi siku aliyoweza na kupumzika asiyoweza, bila kuulizwa kila dakika amepona au la. Watu wa kule walizungumza habari za mashetani, lakini walizungumza kwa upole, na upole ule ulimfaa mgonjwa.

Gulwe inauweza upole huo. Kijana apewe jembe lake palizi ya uwele ikifika, na asiitwe "mgonjwa wetu" mbele ya wageni. Akila mlenda kimya, aachwe ale.

Turudi kwa yule wa mfano. Baba yake amepanda tena Dodoma, na safari hii amekataa kuinuka kitini. "Dokta, nieleze hizi herufi." Daktari ameweka kalamu chini, amemweleza, na chini ya herufi zile tatu ameandika kwa Kiswahili: ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka. Kisha amempa kazi. Kwa bipola, usingizi ukipungua mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza kwamba mtu anaanza kupanda, siku kadhaa kabla ya mbuzi kuuzwa. Basi kurasa za nyuma za daftari zimepigwa mistari: tarehe, saa za kulala, vidonge. Linakaa ndani ya mfuko wa nailoni, limening'inizwa kwenye boriti ya tembe, mchwa wasilifikie. Kila asubuhi baba anauliza, "Mwanangu, umelala?" na dada mtu anaandika. Saba. Saba. Sita. Usiku mmoja, tatu. Na siku ya pili, tatu tena. Kabla jua halijawa kali baba yuko barabarani anasubiri gari la Mpwapwa, daftari kwapani, kijana wake kando yake anamfunga kamba za viatu.