Mkopo wa Nyumba Ufuate Msingi, Kuta na Bati

Mtu akikopa shilingi milioni 60 za kununua nyumba kwa riba ya asilimia 15, alipe kwa miaka 15, rejesho lake la kila mwezi ni kama shilingi 840,000. Katika rejesho la kwanza, shilingi 750,000 ni riba. Zinazopunguza deni ni 90,000 tu. Baada ya miaka 5 atakuwa ameshalipa zaidi ya milioni 50, na bado atadaiwa milioni 52. Hajaibiwa. Riba inatozwa juu ya salio, na salio likiwa kubwa riba humeza rejesho karibu lote. Wengi hudhani dawa ni kuongeza muda. Mkopo huohuo ukisogezwa hadi miaka 25, rejesho linashuka hadi kama 768,000, nafuu ya shilingi 72,000 kwa mwezi, lakini jumla ya malipo inapanda kutoka milioni 151 hadi milioni 230. Kwa riba ya namna hii kuongeza muda hakusaidii sana, na mkopaji anayeonyeshwa rejesho la mwezi bila kuonyeshwa jumla hajaelezwa anachosaini.

Jibu linalosikika kila bajeti inapokaribia ni kwamba riba ishushwe. Ni jibu la haki, ila limejaribiwa kwa muda mrefu kuliko tunavyokumbuka. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, haikuvuka 1995. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha sheria ya mikopo ya nyumba na nyingine iliyowezesha mtu kumiliki fleti moja ndani ya jengo kwa hati yake mwenyewe. Mwaka 2010 ikaanzishwa TMRC, kampuni inayozipatia benki fedha za muda mrefu, kwa kuwa benki inayoishi kwa amana ambazo mteja anaweza kuzitoa kesho haiwezi kukopesha kwa miaka 20 bila wasiwasi. Hatua hizi zilikuwa sahihi. Kabla yake mikopo ya muda huo ilikuwa adimu sana. Pamoja na hayo, mikopo yote ya nyumba nchini haifiki asilimia 1 ya pato la taifa, na wakopaji ni elfu chache katika nchi iliyohesabu watu milioni 61.7 kwenye sensa ya 2022.

Kenya wamefika mbali zaidi kwenye riba, na mfano wao unafundisha zaidi. Kampuni yao inayofanana na TMRC, KMRC, iliyoanzishwa 2018, imewezesha baadhi ya benki na SACCO kukopesha kwa riba iliyo chini ya asilimia 10. Lakini mwishoni mwa 2023 mikopo ya nyumba Kenya nzima ilikuwa kama 30,000 tu. Hesabu inaonyesha sababu mojawapo. Tuseme muujiza umetokea na riba imeshuka hadi asilimia 9 hapa Tanzania. Zile milioni 60 kwa miaka 15 zitadai rejesho la shilingi 609,000 kila mwezi. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilichotangazwa Mei 2025 ni shilingi 500,000. Riba imeshuka kwa zaidi ya theluthi, na mtumishi huyo bado yuko nje ya mlango. Na huyo ni mwenye ajira na karatasi ya mshahara. Muuza mitumba wa Manzese au mwendesha bodaboda wa Mbagala hata fomu hapewi.

Naamini tatizo liko kwenye umbo la mkopo kabla halijawa kwenye riba. Mkopo tuliouiga kutoka kwingine unanunua nyumba iliyokwisha, kwa mkupuo mmoja, juu ya kiwanja chenye hati miliki. Watanzania walio wengi hawanunui nyumba. Wananunua kiwanja, wanakusanya tofali, wanamwaga msingi, wanasimamisha boma, wanasubiri mavuno au kiinua mgongo, wanapaua, wanahamia chumba kimoja chenye mlango, kisha lipu, dari na rangi vinafuata mwaka wowote vitakapofuata. Pembeni mwa Dar es Salaam, kuanzia Chanika hadi Bunju, maboma yasiyopauliwa yamejaa, na ndani ya kila moja kuna akiba ya mtu iliyoganda kwa kukosa nondo na bati. Mwenye boma hilo hahitaji milioni 60. Anahitaji milioni 5 au 10, na anazihitaji sasa.

Mkopo wa hatua, basi, ndio ninaoutetea: fedha za kumaliza kipande kimoja cha ujenzi, zilipwe ndani ya miaka 3, na anayelipa vizuri afunguliwe hatua inayofuata. Tukubali kuwa mikopo midogo ina gharama kubwa kuisimamia, hivyo tuiwekee riba ya juu, asilimia 24 kwa mwaka juu ya salio. Milioni 10 kwa miaka 3 ni rejesho la kama 392,000, na riba yote ni milioni 4.1. Milioni 5 ni rejesho la 196,000, ambalo mtumishi wa kima cha chini anaweza kulibeba. Na kuna jambo ambalo watunga sera hawalipi uzito wake. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua leseni ya makazi, haki inayotolewa kwa muda usiozidi miaka 5 kwa waishio katika maeneo yasiyopimwa. Kwa mkopo wa miaka 20 leseni hiyo haitoshi, kwa sababu itakwisha deni likiwa bichi. Kwa mkopo wa miaka 3 inatosha na kubaki. Wakazi wengi wa Dar es Salaam wako katika maeneo ya aina hii, na dhamana yao inakataliwa hasa kwa sababu mkopo umefanywa mrefu kuliko karatasi yao.

Pingamizi zito, kwamba ujenzi wa hatua huchelewa na huishia kugharimu karibu vilevile, linastahili kujibiwa kwa hesabu zilezile. Hatua sita za milioni 10, moja kila miaka 3, ni ujenzi wa miaka 18. Bei za vifaa zikipanda asilimia 5 kila mwaka, hatua ya sita itadai zaidi ya milioni 20, na jumla ya kulipwa pamoja na riba itafika kama milioni 126. Anayejenga akiishi kwa kupanga kwa 200,000 kwa mwezi miaka 6 ya kwanza, ongeza milioni 14.4. Tunafika kama milioni 140, tofauti ndogo na zile 151. Kwa hiyo anayesema kujenga kidogo kidogo ni nafuu mno kuliko mkopo mrefu anajidanganya. Mwenye mshahara wa milioni 2.5 na hati mkononi ana sababu nzuri ya kuchukua mkopo mrefu na kuhamia mwezi ujao, mradi aulize kama riba inaweza kubadilishwa katikati, ajue kianzio, bima na ada za uthamini, na akumbuke kuwa nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi wake wa ndoa.

Ubora wa mkopo wa hatua uko kwenye hatari. Anayepoteza kazi mwaka wa sita wa mkopo mrefu bado anadaiwa sehemu kubwa ya kiasi alichokopa, na nyumba inakwenda mnadani. Aliyekopa kwa hatua akikwama kati ya hatua mbili hadaiwi chochote. Ana kuta, na kuta zinasubiri. Kwa mama anayeendesha familia kwa kipato cha genge, tofauti hiyo ina uzito kuliko jumla ya mwisho.

Wapo pia wanaohofia kuwa tutahalalisha ujenzi holela. Ujenzi huo unaendelea hata sasa, bila mkopo wala mkaguzi. Mkopeshaji anayetoa fedha kwa hatua ana sababu ya kutuma fundi sanifu kuangalia msingi kabla ya kulipia kuta, na halmashauri inaweza kudai kwamba hatua ya pili isitolewe mpaka barabara ya mtaa iwe imepimwa na kuwekewa bikoni. Hofu ninayoiona kubwa zaidi ni ya riba iliyofichwa. “Asilimia 2 kwa mwezi” ikitozwa juu ya salio, milioni 10 kwa miaka 3 huzaa riba ya milioni 4.1; ikitozwa juu ya mkopo wa awali hadi mwisho, huzaa milioni 7.2. Tangazo ni lilelile na maneno ni yaleyale. Benki Kuu inapaswa kulazimisha kila mkopeshaji, kuanzia benki hadi SACCOS ya mtaani, aandike jumla ya shilingi zitakazolipwa kwenye ukurasa wa kwanza wa mkataba, kwa Kiswahili, juu ya mahali pa saini. Na TMRC, ambayo tayari inajua kuzipatia benki fedha za nyumba, ifungue dirisha la pili kwa ajili ya mikopo ya miaka 3 inayokubali leseni ya makazi, lianzie Dar es Salaam, ambako leseni hizo zimekuwa zikitolewa tangu miaka ya 2000.