Kabla ya kugusa feza ya tikiti

Siku ya likelemba mama mmoja wa kundi letu alitueleza neno la mdogo wake anayekaa Uingereza. Bwana wa huyo mdogo ana motokari ya zamani ya spoti, ya watu wawili, Triumph Spitfire. Zilitengenezwa mjini Coventry toka 1962 mpaka 1980, na yake ni ya miaka ya mwisho, yenye moteri ya litri 1,5. Sasa anataka kuifungia kipoza mafuta, yaani radiateri ndogo inayokaa mbele ili upepo upooze mafuta ya moteri. Feza anazotazama ni zile walizoweka pamoja kwa tikiti, waje kumwona mama yao mzee mwezi wa saba. Mdogo anauliza: akubali ao akatae?

Sisi ni walimu, kazi ya garaji hatuijui. Tulimwendea fundi aliye karibu na shule. Hakusema ndiyo wala hapana. Aliuliza tu: «Mafuta yanafika digrii ngapi?» Hakuna aliyejua. Hata bwana mwenyewe hajui, kwa maana Spitfire ilitoka kiwandani na taa tu ya kuonya kwamba presha ya mafuta imeshuka.

Mama anayepika ataelewa upesi. Mawese ya asubuhi ya baridi yanaganda. Kwenye moto yanakuwa kama maji. Mafuta ya moteri yakipata moto kupita kiasi yanakuwa mepesi, presha inashuka, vyuma vinaanza kulana. Na moteri hiyo ya litri 1,5 inajulikana kwa kuharibu kusinete, vile vyuma vinavyobeba mhimili wake, ikikimbizwa sana kwa muda mrefu. Kwa hiyo woga wa bwana si wa bure.

Lakini baridi nayo inaua. Mafuta yasipopata moto wa kutosha, maji na esansi vinavyoingia ndani havikauki, vinageuka tope jeusi. Na huyu bwana anaendesha Jumamosi tu, mpaka sokoni na kurudi, katika baridi ya Uingereza! Akifunga kipoza bila termostati inayongoja mafuta yafike karibu digrii 80 ndipo ifungue njia, atakuwa amenunua ugonjwa. Kuna pia mipira miwili ya kupitisha mafuta: mmoja ukipasuka njiani, mafuta yanamwagika kwa dakika chache na moteri imekufa.

Tulimjibu hivi: anunue kwanza kipimo cha moto wa mafuta, kisha aende safari ndefu barabara kubwa siku ya joto. Yasipopita digrii 110, aache. Yakipita, afunge kipoza na termostati yake, lakini kwa mshahara wake, si kwa feza ya mama.

Jana mdogo alitujibu. Bwana alinuna siku mbili, kisha akanunua kipimo. Tikiti zimelipwa. Joto la mwezi wa saba litawakuta huku, basi majaribio yatafanyika mwezi wa nane.